Mbuzi wa Udongo na Mkono Wako, Mama Bukwe

Mpendwa Mama Bukwe,

Usishtuke. Ni mimi, mume wa Ngalula, yule uliyekuwa ukimwita "huyo bwana" miezi mizima bila kumtazama usoni. Jina lako siliandiki hapa. Kwetu bukwe, yaani mkwe, hatamki jina la mama wa mke wake, na kwa kuwa nimeshavunja mengi upande wako, acha hilo moja libaki zima. Barua hii wengine watasoma pia. Wasome. Mimi nilifika darasa la tano tu, na hilo la tano nililikaa mara mbili kwa sababu nililipenda, basi anayetafuta maneno yaliyopigwa pasi aende kwa mapadri.

Nakuandikia kwa sababu nimezeeka na siku si nyingi tutaonana huko uliko. Uliwahi kuniuliza swali moja mbele ya watu, nikakujibu uongo. Sitaki nikukute umekaa unanisubiri na swali lile lile. Kudanganya wafu lazima ni kazi ngumu, mna muda mwingi wa kufikiri.

Unakumbuka ulivyofika? Ilikuwa miaka ya Zaire, wanaume tumevuliwa tai, tunaitana sitwayeni, yaani mwananchi, hata tukigombana kwenye bomba la maji. Ulishuka kwenye treni ya Mutshatsha na magunia mawili ya makaa na sufuria yako mwenyewe, kana kwamba hapa Kolwezi tunapikia kwenye kofia. Hukuja kutembea. Ngalula alikuwa amepoteza mimba mbili, moja baada ya nyingine, na hii ya tatu ilipofika mwezi wa sita muuguzi alimwambia: mama, utalala kitandani mpaka siku yako, usitwange, usifue, hata ndoo usiinue. Kumwambia Ngalula alale mchana! Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja wetu, akimaliza anafagia wa jirani kwa hasira ya kuona unavyofagiwa vibaya. Asubuhi namwacha kitandani, nikirudi namkuta amesimama juu ya kiti anafuta vumbi kwenye dari. Nilikuwa naogopa, mama. Wewe pia uliogopa. Nilisikia sauti yako ikimgombeza, ikianza kwa ukali na kuishia chini chini.

Na nyumba yetu ya kambi ya mgodi ilikuwa na vyumba viwili, wakati ukwe unataka nyumba yenye vyumba kumi. Mimi nisikuone, wewe usinione, tusile pamoja, tusisemezane. Tukafanya mtindo wa kukohoa. Wewe unakohoa mara mbili kabla ya kuingia, mimi nakohoa mara tatu kabla ya kutoka, majirani wakadhani sote wawili tuna kifua kikuu. Siku moja ulisahau kukohoa. Nilikuwa nanyoa ndevu. Niliruka dirishani na kaptula ya kulalia, sabuni usoni, nikaangukia kwenye mihogo ya jirani yetu Mama Odette, na mpaka anakufa yule mama hakuamini kwamba ilikuwa heshima.

Sasa ile kamera. Mchana nilikuwa bure, maana kazi yangu ilikuwa jioni, kwenye serkle, ile klabu ya wafanyakazi, namsaidia fundi wa sinema kukunja filamu na kufukuza walevi. Karani mmoja Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao aliniachia kamera ndogo ya mkono, kwa sababu masanduku yake yalikuwa yamejaa. Ndani ya boksi kulikuwa na bobini moja tu ya filamu, mpya, na bahasha ya kuituma Ulaya ikasafishwe, imeshalipiwa. Bobini moja ni sinema ya dakika tatu na kidogo. Lakini ile kamera ilikuwa na kitufe cha pembeni: ukikibonyeza mara moja, inachukua picha moja tu, tak, inasimama. Fundi wa sinema ndiye aliyenieleza kinavyotumika. Sikulala.

Nikakaa kwenye mguu wa kitanda nikamweleza Ngalula. Unachukua mtu wa udongo, unampiga picha. Unamsogeza kidogo, unene wa ukucha, unampiga tena. Unamsogeza tena. Siku ya kuonyesha anatembea mwenyewe, hakuna anayemshika.

"Uongo," akasema Ngalula.

Ndipo kutoka nyuma ya kitenge kilichokuwa mlangoni ikaja sauti yako, ile iliyokuwa haisemi chochote nikiwa karibu:

"Ngalula, umuulize huyo bwana yako. Mbuzi ya udongo, nayo itatembea?"

"Umuambie mama," nikasema, "hata mbuzi."

"Mama, anasema hata mbuzi."

"Nimesikia. Mi niko na masikio." Tena: "Umuambie. Mutu anapeleka mbuzi kwa babukwe wake. Mbuzi inakatala. Anaivuta, anaisukuma, anaibembeleza. Mwisho mbuzi njo inamuvuta ye."

Ngalula alicheka mpaka akashika tumbo. "Na huyo mutu ni nani, mama?"

"Mutu tu," ukasema. "Mutu wa bure."

Mimi nilifurahi sana hata sikuuliza.

Siku iliyofuata ulianza kunituma, kwa kupitia kitandani. Umuambie alete udongo wa kichuguu, ule mwekundu wa ndani, si wa juu. Umuambie alete waya wa shaba, mwembamba, wa mifupa. Umuambie aache kuleta waya mnene, hatujengi daraja. Ule udongo mimi niliukanda na maji na kesho yake mbuzi akawa amepasuka kama kisigino. Wewe ukaukanda na mafuta ya mawese, na mbuzi wako na mtu wake wa ukubwa wa kidole wakabaki laini wiki nzima, wananukia kama mboga. Wazungu wa sinema wana viwanda, mama, lakini nadhani hakuna aliyefikiria mawese.

Halafu tukapanga chumba. Kitenge kutoka ukuta hadi ukuta, kikaishia kwenye kitanda, hivi kwamba Ngalula peke yake alituona sote wawili. Meza katikati, nusu kwako, nusu kwangu. Kwenye kitenge ulikata tundu usawa wa meza, la kupitisha mkono. Upande wangu kamera imefungwa kwenye kiti kwa mipira ya baiskeli. Ngalula juu ya mito ndiye mkubwa wa kazi.

"Mama, sogeza."

Hapo mimi nageuka, natazama kalenda ukutani, maana hata mkono ni wewe, na wewe huonwi. Mkono unatoka, unasogeza mguu wa mbuzi, unarudi.

"Umerudi," anasema Ngalula.

Nageuka. Tak, tak. Picha mbili. Natazama tena kalenda. Ile kalenda niliijua kuliko katekisimu.

Asubuhi yote hivyo, mama! Mbuzi kupiga hatua tatu tu, asubuhi nzima, na bado tulikuwa tunatokwa jasho kama watu waliokimbia. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo wa Mama Odette, nasubiri jua lifike dirishani. Na Ngalula alilala. Hakuna dawa iliyowahi kumlaza hivyo. Kitanda kiligusa meza, akijigeuza tu mbuzi anatikisika, na sote wawili tunamvamia kwa pamoja, mimi huku, wewe kule.

"Nani anatikisa?"

"Ni mutoto, si mimi!"

"Basi umuambie mutoto atulie, tuko kazini."

Na siku ya kwanza ya baruti? Pale mgodini walikuwa wakipasua mwamba kabla ya saa sita, king'ora kinalia, halafu ardhi yote inaruka. Sisi wa Kolwezi tumezoea, tunashika glasi, tunaendelea na hadithi. Lakini ile asubuhi meza iliruka na mbuzi akaanguka chali, miguu juu. Nilitaka kulia. Nikanyoosha mkono nimsimamishe.

"Umuambie asiguse!" ukapiga kelele. "Apige picha! Ile mbuzi imeruka. Kumbe nayo inajua kuruka!"

Kuanzia hapo tulikuwa tunasubiri king'ora kwa hamu kama watoto wanaosubiri pipi. Baruti ikawa mfanyakazi wa nne.

Sasa nafika penye shida yangu.

Tulikuwa tumebakiza kidogo sana. Joto lilikuwa kali. Ngalula alisema "Mama, sogeza," nikageukia kalenda, nikangoja. Nikangoja. Hakuna sauti. Nikamwangalia kitandani: amelala, mdomo wazi. Ilinibidi nikohoe. Ndiyo sheria, nikohoe, ujue hakuna mlinzi. Sikukohoa. Niligeuza shingo pole pole, nikatazama meza.

Kutokana na sauti yako nilidhani una mkono kama koleo. Ulikuwa mkono mdogo, mama. Mdogo kuliko wa Ngalula. Mafuta mpaka kwenye kifundo, ukucha wa kidole gumba umepasuka, na ulikuwa unamshika yule mbuzi mguu taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Nikabonyeza. Tak. Si mara moja. Mara nne.

Mkono ukarudi. Ngalula akaamka, akauliza tumefika wapi, nikamwambia tumefika pazuri.

Siku mbili baadaye akashikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku yake.

Jirani alituchukua kwa gari lake la mizigo. Ngalula na wewe mbele, umejifunika shuka kichwani hata siku ile, mimi nyuma nakula vumbi. Hospitalini nilikaa chini, nje, chini ya dirisha la chumba cha kuzalia. Unajua mimi nilivyo. Nilikuwa nacheka mambo ya wazee, nacheka ukwe, nacheka hata padri akiwa altareni. Wazee walikuwa wanasema mtu akimwona mama mkwe bila haya, mtoto aliye tumboni ndiye anayelipa. Nilikuwa naigiza sauti zao serkle, watu wanaanguka kwa kicheko. Pale chini ya dirisha sikuigiza mtu. Nilisema, sijui nikimwambia nani: kama ni ule mkono, mnichukue mimi, nina jino bovu na miguu ya upinde, lakini nachukulika. Nilirudia mpaka ulimi ukakauka. Jua likahama ukuta mzima.

Kisha nikasikia kilio. Chembamba, cha hasira, kama mlango usiotiwa mafuta. Na sauti yako dirishani, juu ya kichwa changu:

"Umuambie huyo bwana! Ni mwanamuke, na iko muzima!"

Lakini hapakuwa na mtu wa kuambiwa aniambie. Ngalula alikuwa hoi ndani. Ulikuwa unaniambia mimi, moja kwa moja. Ulitambua, nami nikatambua, na sote tukanyamaza kama wezi waliosikia mbwa. Baadaye nikasema "aksanti" nikiutazama ukuta. Tukajifanya ni ukuta uliosema na ukuta uliojibiwa.

Mwezi uliofuata tulimalizia picha chache zilizobaki, Ngalula amekaa sasa, mtoto kifuani. Mtoto akapewa jina lako, kwa hiyo na yeye siwezi kumtaja. Mpaka leo binti yangu namwita Mama, naye amezoea. Bobini, ndani ya ile bahasha yake, nikampa sista mmoja aliyekuwa anakwenda likizo Ulaya. Miezi ikapita. Wewe ulikataa kurudi Mutshatsha. Ngalula alikuwa amepona kabisa, mtoto amenona, makaa yako kule yanauzwa na mtu mwingine, lakini kila ukiulizwa unasema mgongo unauma. Ulikuwa unasubiri mbuzi wako. Hata mimi nilikuwa napita posta mpaka karani akanitishia polisi.

Ilirudi! Mtoto tayari anakaa mwenyewe. Jumapili mchana nikaazima mashine ya kuonyeshea, tukaziba madirisha kwa mablanketi. Shuka nikalitundika kwenye mlango wa kati. Sisi sebuleni, wewe chumbani, upande wa pili wa shuka, uione sinema kwa nyuma bila kuniona. Mbele kabisa akakaa kaka yako Tata Kabeya, mjomba wa mke wangu na mkubwa wa ukoo, suti mpya ya kizaire imembana shingo. Majirani wakajaa mpaka juu ya ndoo.

Nikawasha.

Mama, alitembea! Unakumbuka? Alitembea, yule mbuzi, mguu mmoja, mguu mwingine, kichwa kinatikisika, hakuna mkono, hakuna kamba ya siri. Mwanga ulikuwa unakuja na kuondoka, maana kila wingu lililopita dirishani kwetu lilibaki ndani ya filamu, ikawa kama ananyeshewa na radi. Kisha baruti: mbuzi juu, chali, amesimama tena!

"Aka!" alipiga kelele Tata Kabeya. "Hii mbuzi iko na roho! Nani anaivuta?"

"Haina mutu, Tata!"

"Haina mutu? Basi tutoke!"

Hakutoka. Aliegemea mbele. Kwenye shuka yule mtu wa udongo alikuwa mkubwa sasa, urefu wa mtoto wa miaka kumi, anavuta mbuzi, makalio yamebaki nyuma, na Mama Odette akasema polepole:

"Lakini ile mutu... ile miguu... Si ni bukwe wenu?"

Vichwa vyote vikanigeukia, halafu shuka, halafu mimi. Nikatazama. Miguu ya upinde. Tumbo. Sikio la kushoto limekatika ncha, la kwangu hili, niliumwa na mbwa utotoni. Hata pengo la jino ulilichimba kwa sindano. Kwenye meza alikuwa mdogo kama kidole, sikuwahi kumwona vizuri. Mwanamke asiyewahi kuniona alinitengeneza mpaka sikio!

Nikasikia nyuma ya shuka mtu amejibana pua asicheke.

Na kabla hatujamaliza hilo, ukapita mkono. Haraka, kufumba na kufumbua, lakini shuka zima lilikuwa mkono.

"Simamisha!" akasema Tata Kabeya.

"Siwezi Tata, taa itaunguza filamu."

"Basi anza tena."

Tuliianza tena mara sita, kwa ajili ya uchunguzi, na kila mara mheshimiwa alikuwa anacheka kwanza mbuzi akiruka, halafu anakasirika. Mwisho akasimama, akavuta koti.

"Huyu anaona mukono ya mama mukwe wake. Na huyu mama anaangalia mukwe wake mpaka kwenye meno. Hii ni haya gani?"

"Mutoto njo huyu, Mujomba," akasema Ngalula, na akamwinua binti yetu juu, mashavu yamejaa uji. "Umupime. Anapunguka nini?"

Tata Kabeya akamtazama mtoto. Mtoto akamshika pua. Pale kesi ililegea.

"Kuku mbili," akahukumu. "Moja bukwe anampa mama, moja mama anampa bukwe. Kisha munaonana kama watu."

Ndipo nikasikia sauti yako, safari hii haikupita kwa mtu.

"Bukwe."

"Mama."

"Ulifanya makusudi?"

Watu wote wanasikiliza. Mbele yangu mjomba, mke, mtoto ambaye nilidhani nimemuua. Nikasema:

"Hapana, mama. Kidole kiliteleza."

"Mi pia," ukasema. "Jicho iliteleza."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Na wewe ukashika shuka, ukalivuta pembeni, ukasimama mlangoni, na mashine bado inawaka, picha inakuchezea kifuani. Ulikuwa na paji la uso la Ngalula. Ulikuwa na kishimo shavuni, upande mmoja tu. Ulikuwa unacheka machozi yanatiririka, na sikujua nifanye nini na uso wangu, maana nilikuwa nimezoea kuupeleka kwenye kalenda.

Wale kuku wawili tuliwala siku ile ile, kwenye sahani moja. Ulichukua firigisi ya kwanza, ya kwangu mimi mwenye nyumba. Ukachukua na ya pili.

Ile filamu haipo tena. Unyevu uliila ndani ya sanduku, na nilipoifungua ikawa inanata kama gundi. Watu wananiambia siku hizi simu inafanya kazi ile yote kwa dakika. Inawezekana. Nimefanya kazi nyingi maishani, mama, nyingine sikuzipenda, nyingine nilizikimbia. Hii moja nilikuwa naiamkia. Ndiyo maana nataka ujue. Kidole hakikuteleza. Nilitazama makusudi na nikabonyeza makusudi, mara nne, kwa sababu tulikuwa tunakaribia kumaliza kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kugusa, na nilikuwa nimekifanya na mtu nisiyemjua hata mkono. Nilikuwa na hamu ya kukuona. Basi. Si utundu, ingawa na utundu ulikuwemo.

Ngalula anakusalimu, nimemsomea barua yote, amecheka penye mihogo na amelia penye dirisha la hospitali. Anasema wewe ulijua siku zote. Kama ulijua, kumbe ulikuwa na adabu kuliko mimi, na hilo linaniudhi.

Sasa nimesema. Kaa salama huko, mama yangu. Kama wazee wenu wataona kesi inafunguliwa upya, uwaambie wasihangaike kuniita: nakuja mwenyewe, na kuku mkononi.

Bukwe wako, mtu wa bure